Daktari Aliyewaita Watu kwenye Mafuriko

Kosa la Daktari Ghaniya binti Khalfan lilianzia kwenye tasnifu yake ya udaktari, likalala humo miaka kumi na tano bila kumsumbua mtu, kisha likaamka siku moja na kumpiga kibao mbele za watu.

Alikuwa anasomea Uholanzi, nchi ambayo nusu yake ingekuwa baharini kama wenyewe wangekuwa wanalala mchana kama sisi. Huko walimpa kazi ya kutengeneza hesabu za mafuriko ya kwao Heili: mvua ikipiga mlimani kiasi hiki, maji yatafika kijijini baada ya dakika ngapi, yatakuwa na kimo gani, na watu wakionywa watafanya nini. Ghaniya alijaza kila kitu, kuanzia mteremko wa bonde mpaka ukubwa wa mawe. Alipofika kwenye sehemu ya watu, akaandika kwamba watu wa Heili wakisikia maji yanakuja hukimbia. Msimamizi wake Mholanzi alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana hata kwao watu hukimbia. Hakuna aliyeuliza wanakimbilia upande gani.

Sisi wa Heili tunakimbilia bondeni.

Tutafanyaje? Miezi kumi ya mwaka bonde letu ni mawe makavu na mbuzi wawili watatu wanaotafuna makaratasi. Halafu siku moja mlima unakuwa mweusi, na mtu anapiga kelele, "Bonde limeshuka!" Hapo hata maiti angeomba asubiriwe kidogo. Watu wanabeba mikeka, chupa za kahawa, tende na watoto, wanakwenda kukaa ukingoni waone maji mekundu yakipita na matairi ya watu wa juu. Vijana wanaingiza pikapu majini kupima nani mwanamume. Wengi wanatoka. Miaka mitatu nyuma ndugu wawili wa kijiji cha juu hawakutoka, na pikapu yao nyeupe ilikutwa kilomita tisa mbele imekunjwa kama bahasha. Tulilia sana. Bonde liliposhuka tena, tulikuwepo.

Ghaniya alirudi na shahada yake ya uhandisi wa mazingira, akaajiriwa chuoni mjini, akaanza kupanda ngazi. Na ngazi ya chuo mnaijua: kila kipandio ni rundo la makala. Yeye alikuwa na makala thelathini na moja kuhusu ustahimilivu wa majanga, zilizosomwa na watu wanne, wawili kati yao wakiwa yeye mwenyewe akitafuta makosa ya chapa. Alifika profesa mshiriki, akakwama. Aliomba uprofesa kamili mara mbili, na mara zote mbili kamati ya kupandisha vyeo ilimjibu kwa barua yenye maneno mazuri mno, na ukiona barua ya chuo ina maneno mazuri mno ujue umekataliwa.

Walichotaka ni kimoja. Mwenyekiti wa kamati, Profesa Mundhir, alimwambia uso kwa uso. Huyu alikuwa mtu wa mabwawa, mtu wa zege. Kitu kisichoweza kumwagiwa saruji yeye hakukihesabu kuwa uhandisi.

"Dokta Ghaniya," alisema, "karatasi zako tumezisoma."

Hawakuzisoma, lakini tuendelee.

"Niletee furiko moja la kweli. Moja tu. Watu wako waonywe, watoke bondeni kwa miguu yao, na kamera ishuhudie. Mwisho wa muhula faili linafungwa. Ukikosa mara ya tatu, kanuni inasema usubiri miaka mitano."

Ghaniya alikuwa na miaka arobaini na minane. Miaka mitano si mingi kwa mlima, kwa mtu ni mingi.

Basi akaja Heili na vifaa vyake. Akafunga vipima maji mlimani, akasimika kamera ya kuhesabu watu juu ya mnara wa zamani, akaandikisha simu za kijiji kizima. Mwezi wa tatu mvua ikanyesha, na kila simu ya Heili ikalia kwa pamoja: *Onyo. Mafuriko yatafika baada ya dakika hamsini. Ondokeni bondeni.*

Mama yake, Bi Zuwena, aliisoma kwa sauti ili majirani wafaidi. "Dakika hamsini! Basi nafasi ya kuchemsha kahawa ipo, na ya kuchoma mikate ipo."

"Mungu amweke binti yako," alijibu jirani huku akikunja mkeka. "Zamani tulikuwa tunakimbia hatujavaa hata viatu. Siku hizi bonde lina saa, kama ndege."

Kamera ilihesabu watu mia mbili na kumi na wanne. Kabla ya mtambo wa Ghaniya, picha za miaka ya nyuma zilikuwa zinaonyesha sitini, sabini. Walikuja hadi watu wa vijiji vitatu vya jirani, maana ujumbe ulikuwa umesambazwa kwa nia njema kabisa. Ghaniya alisimama kwenye mwamba akipiga kelele, "Rudini! Rudini nyuma!" na watu wakampungia mikono kwa mapenzi, wakidhani anawasalimu.

Alikuwa mkweli, kwa hiyo alizipeleka zile takwimu kwenye kamati. Profesa Mundhir alizitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dokta," alisema, "hiki ulichotengeneza hakionyi. Hiki ni kadi ya mwaliko."

Kamati nzima ilicheka, na hata aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliandika huku anacheka.

Mara ya pili alikoleza. Ujumbe ukawa mwekundu, ukawa na neno *kifo* mara mbili, na king'ora kikawekwa juu ya mnara. King'ora kile kilikuwa kizuri kweli. Mpwa wake Haitham, jitu zima la miaka ishirini na sita lisilo na kazi wala haraka ya kuitafuta, alikirekodi akakifanya mlio wa simu yake. Bonde liliposhuka mwezi wa nne, Haitham alikuwepo mapema kuliko wote, na pembeni yake mtu kutoka barabara kuu alikuwa ameshawasha jiko la mishikaki. Kamera ilihesabu mia tatu na mmoja. Mtu wa mishikaki hakuhesabiwa kwa sababu ya moshi.

Baada ya hapo Ghaniya alikaa jikoni kwa mama yake siku nzima akizikodolea macho takwimu zake. Zilikuwa zimebaki wiki nne za muhula. Bi Zuwena alikuwa akitoa kokwa za tende na kumtazama kwa jicho la pembeni, na Haitham yuko kwenye meza anakula kama aliyeagizwa.

"Shangazi, usinune," Haitham alisema mdomo umejaa. "Kazi yako nzuri. Hata wa mjini wanakuja siku hizi."

"Haitham, maji yale yana nguvu ya kubeba lori. Huogopi?"

"Niogope nini? Mwanamume haogopi maji."

"Na wale ndugu wa pikapu nyeupe?"

"Wale gari lao lilikuwa bovu."

Ghaniya alikuwa anafungua mdomo kumjibu, simu ya Bi Zuwena ikalia. Jirani wa mwanzo wa njia. Bi Zuwena alisikiliza maneno matatu, akakata.

"Sarhani anapita," alisema. "Ana beleshi."

Sijui niwaelezeje mwendo wa Haitham. Kiti kilianguka, sahani ikazunguka, na Haitham hakuwepo. Alikuwa nyuma ya friji, amekaa chini, magoti yamefika masikioni, na kipande cha mkate kingali mdomoni. Hakuthubutu hata kutafuna.

Ami Sarhani ndiye wakili wa falaji yetu, ule mfereji unaotoa maji chini ya mlima na kuyaleta kwenye mitende. Ndiye anayejua zamu ya kila shamba, na kila bonde likishuka, mdomo wa falaji ulioko kule bondeni huziba kwa mchanga na mawe. Hapo wakili hutoka na mabeleshi. Na desturi ya Heili, tangu kwa babu zetu, ni kwamba atakayekutwa na wakili karibu na falaji iliyoziba hana udhuru. Anakabidhiwa beleshi, anachimba mpaka aambiwe basi. Ukikataa hupigwi wala hushtakiwi. Unakumbukwa tu. Na siku binti yako atakapoposwa, bibi mmoja atakohoa na kuuliza, "Si ndiye yule ambaye baba yake alilirudisha beleshi?" Posa imekwisha hapo.

Kwa hiyo watu wa Heili hawakatai beleshi. Wanajificha.

Ami Sarhani aligonga, akaingia, akasalimu, akanywa kikombe kimoja cha kahawa akiwa amesimama. Miaka sabini na miwili, mwembamba kama mpini wa chombo chake. Macho yake yakatua kwenye sahani ya tatu.

"Haitham yupo?"

"Hayupo," alisema Bi Zuwena.

"Sahani ya nani?"

"Yangu. Nina njaa mbili leo."

Akaondoka. Haitham alitoka nyuma ya friji akiwa na utando wa buibui kwenye nyusi. Ghaniya alimtazama, akamtazama mama yake, akautazama mlango. Bi Zuwena anasema uso wa binti yake ulikuwa kama wa mtu aliyeona mwezi wa Idi kabla ya mahakama kuutangaza.

"Mama," alisema, "mtu huyu haogopi maji yanayobeba lori."

"Haogopi, mjinga huyu."

"Anaogopa beleshi."

Haitham akajitetea: "Shangazi, maji yanapita. Beleshi la Ami Sarhani lina siku mbili!"

Jioni hiyo hiyo Ghaniya alimfuata Ami Sarhani kwenye mitende. Alimweleza mpango: mvua ikipiga mlimani, badala ya kuwaambia watu mafuriko yanakuja, simu ziwaambie wakili yuko bondeni anatafuta watu.

"Nitakuwepo?" aliuliza Ami Sarhani.

"Hapana, ami. Utakuwa nyumbani kwako, salama."

"Basi ni uongo."

"Ni uongo wa kuokoa watu."

"Mwanangu, mimi nagawa maji ya watu kwa nusu saa nusu saa. Siku nitakayosema uongo mmoja, kesho yake kila mtu atataka kuhesabu nyota mwenyewe ajue zamu yake. Nikisema nipo, nipo."

Ghaniya aliapa kwamba haiwezekani, ni hatari. Ami Sarhani akamuuliza mtambo wake unatoa dakika ngapi. Hamsini. Akauliza kama anaziamini hizo hamsini. Ghaniya alikuwa ameandika makala thelathini na moja kuhusu hizo dakika hamsini, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama angemweka mzee wa kijiji chake juu yazo.

"Naziamini," alisema.

"Basi mimi nitachimba mchanga uliobaki mdomoni mwa falaji dakika ishirini na tano, nipande. Zilizobaki ni zako na Mungu. Na ujumbe nitausema mimi, wewe andika."

Akausema. Ghaniya akauandika ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza: *Mimi Sarhani, wakili wa falaji. Niko bondeni. Mabeleshi ni ishirini. Karibuni.*

Wiki tatu mlima ulikaa mweupe, hauna hata wingu la kusingizia. Ghaniya alikuwa akipiga simu kila asubuhi kuuliza hali ya hewa, mpaka Bi Zuwena akaanza kumjibu kabla ya salamu: "Kavu." Ilibaki wiki moja faili lifungwe. Ndipo Alhamisi moja alasiri mlima ukaingia giza, vipima maji vikapiga kelele, na Ghaniya, aliyekuwa tayari juu ya mnara, akatuma maneno ya Ami Sarhani kwa kijiji kizima.

Magari matano yalikuwa yameshafika bondeni, maana watu wana macho na mlima wanauona. Simu zikalia. Mtu wa kwanza alisoma, akawasha gari. Wa pili hakumaliza kusoma. Familia moja ilikunja mkeka na vikombe vikiwa bado juu yake. Kwenye njia ya kutoka magari yalikuwa yanapishana kwa adabu ambayo Heili haijawahi kuiona, kila mmoja akimpisha mwenzake huku akitazama nyuma asije akaitwa kwa jina. Mtu wa mishikaki, ambaye si wa kwetu na hana hofu ya beleshi, aliona wateja wanakimbia, akadhani ni afisa wa afya, naye akakimbia. Kijijini milango ilifungwa. Maduka yalifungwa. Msikitini peke yake walijaa, tena safu ya mbele, watu ambao tulikuwa tumeshawasahau sura.

Kamera ilihesabu watu wanne.

Wa kwanza ni Ami Sarhani. Wa pili Haitham, aliyekuwa bondeni tangu saa saba, amelala ndani ya pikapu, simu imekwisha chaji kwa kuchezewa. Aliamshwa na kivuli cha beleshi kwenye kioo. Wa tatu Bi Zuwena, ambaye umri wake unamsamehe kuchimba, na alisema hawezi kulikosa bonde kwa sababu ya hesabu za binti yake.

Wa nne alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri sana. Alikuwa ameegesha gari safi pembeni, ametandika mkeka mdogo, na chupa ya kahawa iko mkononi. Ami Sarhani akamwendea.

"Salaam aleikum. Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi ni Profesa Mundhir, kutoka chuoni. Nimekuja kukagua—"

"Sikuuliza kazi. Nimeuliza mtoto wa nani."

Profesa alishusha chupa ya kahawa. "Wa Saifu bin Badri. Wa kijiji cha juu."

"Ahaa! Babu yako Badri alichimba hapa hapa uliposimama. Alikuwa na mkono mzito, Mungu amrehemu. Shika."

"Mzee wangu, mimi nimekuja kwa kazi ya kamati. Nina mgongo pia."

"Hata Badri alikuwa na mgongo," alisema Ami Sarhani, na mkono wake haukushuka.

Haitham, jasho likimtoka, hakuweza kunyamaza. "Profesa, pokea. Una mabinti?"

"Watatu," alisema Profesa Mundhir, kwa sauti ndogo.

"Basi pokea haraka."

Akapokea. Alichimba dakika kumi na tisa, mwenyekiti wa kamati ya kupandisha vyeo, kanzu imekunjwa kiunoni, na Bi Zuwena akimmiminia kikombeni ile kahawa aliyokuja nayo na kumwambia apinde magoti, asipinde mgongo. Mara Ami Sarhani akatazama saa yake. "Basi. Pandeni." Haitham alitaka kubaki aone kidogo, alipandishwa kwa mpini wa beleshi.

Maji yalifika dakika ya arobaini na nane. Yalikuwa makubwa kuliko ya mara mbili za mwanzo. Ile sehemu ya tambarare ambayo watu mia tatu na mmoja walikuwa wamekaa mwezi uliopita wakila mishikaki ilipotea yote, na jiko la mishikaki likaenda nayo, likizunguka polepole, bado linatoa moshi. Wale wanne, kule juu, walirudi nyuma hatua tatu. Hata Haitham.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa. Ghaniya aliweka takwimu zake mezani: mia mbili na kumi na wanne, mia tatu na mmoja, wanne. Akausoma ujumbe. Wakacheka, lakini safari hii wakicheka walikuwa wanaandika.

Mwanakamati mmoja, mama mwenye kucha ndefu na akili ndefu zaidi, akainua picha ya kamera. "Watatu umeeleza ni nani na kwa nini walibaki. Huyu wa nne je? Kama aliupata ujumbe akabaki, mtambo wako umeshindwa kwa mgeni. Kesho mgeni ndiye atakayekufa. Huyu ni nani?"

Picha ilikuwa imepigwa kutoka juu, inaonyesha kofia, kanzu na beleshi. Profesa Mundhir alikuwa anaitazama dari. Viganja vyake alikuwa ameviweka chini ya meza, kwa sababu vilikuwa na malengelenge.

"Siwezi kumtaja," alisema Ghaniya. "Wale watatu waliniruhusu. Huyu sikumwomba ruhusa, na kanuni za utafiti zinamlinda."

"Basi hatuwezi kujua kama aliupata ujumbe. Na kama hatujui, takwimu ina tobo, na siwezi kuipigia kura."

"Naelewa," alisema Ghaniya.

Alikuwa anaelewa kweli. Uprofesa wake ulikuwa umekaa umbali wa mkono, umevaa kanzu safi, unatazama dari. Angeweza kunyoosha kidole. Alikusanya karatasi zake taratibu, akazipanga ncha kwa ncha, kwa muda mrefu kuliko karatasi zinavyohitaji.

"Hakuupata," alisema Profesa Mundhir.

Wote wakageuka.

"Simu alikuwa ameizima. Alimwambia mkewe yuko kwenye kikao." Akaweka viganja vyake juu ya meza, wakaviona. "Na angeupata, wallahi, angekuwa amefika mjini kabla ya maji kufika nusu ya njia."

Ilibidi watu wasubiri ili yule wa kumbukumbu aache kucheka. Kisha mama wa kucha ndefu akakumbusha kanuni: aliyehesabiwa ndani ya utafiti haupigii kura utafiti huo. Profesa Mundhir alisimama, akatoka, akangoja kwenye veranda kama mwanafunzi aliyeshikwa na kikaratasi cha majibu. Kura zilikuwa nne kwa sifuri.

Uprofesa Ghaniya aliupata Jumatatu. Salamu za Heili alikaa mwezi mzima bila kuzipata. Watu walikuwa wakimpisha njiani kimya; alikuwa amewaharibia bonde, na sasa kila simu ikilia mtu anaangalia kwanza beleshi kabla ya kuangalia mlima. Dukani walimwambia sukari imekwisha na gunia liko pale linaonekana. Bi Zuwena peke yake ndiye aliyekuwa akimtetea, na utetezi wake ulikuwa mmoja, anaurudia kila baraza: "Mwacheni. Angalau sasa msikitini mnafahamiana."